Tope la Mirongo haliishii Mabatini

Kila mvua kubwa ikipiga Mwanza nasikia kauli ileile. Juzi nimeisikia kwa mzee ninayemheshimu sana, tumesimama darajani Mabatini tukisubiri maji yapungue: "Afadhali, mwanangu, mvua imetusafishia mji." Niliitikia kwa adabu, lakini roho iliniuma. Chini yetu mto Mirongo ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa, unasukuma chupa, kandambili, matawi ya miembe na udongo. Vyote vinakwenda ziwani, ziwa hilohilo tunalochota maji ya kunywa pale Capripoint.

Tatizo linaanzia mlimani. Milima yetu ni mawe yenye udongo mwembamba, na udongo huo ulishikwa na nyasi na vichaka. Tumefyeka, tumechimba misingi, tumepasua mawe kupata kokoto. Maji hayana tena pa kuzama, yanateremka na udongo pamoja na yaliyomo kwenye vyoo vya shimo. Sawa, nakubali kwamba wengi waliojenga huko juu hawakuwa na pesa ya kiwanja cha tambarare. Lakini hilo halipunguzi tope hata ndoo moja.

Udongo na kinyesi vina fosforasi. Ikifika ziwani inakuwa mbolea: mwani unastawi, maji yanageuka kijani, na mwani ukifa unaoza na kumaliza hewa ya chini ambayo samaki wanaitegemea. Magugu maji nayo yananenepa, mvuvi anapiga kasia nusu asubuhi ili mtumbwi ufike mwaloni.

Kinachonichoma zaidi ni furu. Wengi tunawaona ni visamaki vya watoto kuvua kwa ndoano, basi. Kumbe huku kwetu Mwanza, kwenye maji maangavu ya kisiwa cha Makobe, yuko furu ambaye dume lake lina mgongo mwekundu, na mwaka 1985 wanasayansi walimpa jina la Mwalimu Nyerere; leo anaitwa Pundamilia nyererei. Jirani yake yuko ndugu yake ambaye dume lake ni la rangi ya buluu. Jike huchagua dume kwa kuangalia rangi. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walichapisha utafiti wao kwenye ziwa hili, wakaonyesha kwamba maji yakichafuka jike haoni rangi vizuri, anashindwa kutofautisha, na aina zilizokuwa tofauti zinaanza kuchanganyika. Kadiri unavyoingia ndani ya Ghuba ya Mwanza, ndivyo maji yanavyozidi tope. Sangara alishamaliza furu wengi sana miaka ya 1980. Hawa waliosalia tunawapofusha sisi, kwa udongo wa milimani kwetu. Samaki mwenye jina la Mwalimu! Jambo hili lilipaswa kusemwa kwenye kila mkutano wa mtaa.

Na anayedhani ziwa ni la wavuvi peke yao aangalie juu. Takribani asilimia 80 ya maji yanayoingia Ziwa Victoria ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na karibu kiasi hichohicho hupanda tena kuwa mvuke. Usiku pepo za nchi kavu hukutana juu ya maji na kuinua mawingu ya radi. Wavua dagaa wanazijua radi hizo. Moshi wa mashamba tunayochoma nao huangusha fosforasi ziwani, hata pasipo mto.

Sasa tunachimbua mchanga ndani ya Mirongo, chini kabisa, baada ya nyumba za watu kujaa maji. Uchimbuliwe, sikatai, watu wa Mabatini wameteseka vya kutosha. Ila pesa ianzie juu: kuta za mawe za kukinga udongo, nyasi na miti kwenye miteremko, na mabomba ya majitaka ya mlimani yaliyokwisha kulazwa katika baadhi ya mitaa yafike na mingine. Wenyeviti wa mitaa waanze kuorodhesha miteremko iliyo wazi sasa hivi, kabla ya mvua za vuli.