Nimefukizwa Mpaka Nimeiva

Jamani, mimi nimepikwa. Sisemi kwa mafumbo. Nimepikwa na mama mkwe, kwa sufuria ya pilau ya Idi, hapa hapa Mbagala, Februari 2021, enzi za korona.

Nilikohoa mara moja tu, tena vumbi la daladala. Mama mkwe, ambaye tangu Desemba kaja "kusalimia", akaweka kijiko chini. "Baba Shani, hicho kikohozi sikipendi."

Haijapita nusu saa niko kwenye kigoda na bukta, blanketi gubigubi, na chini nyungu inatokota: mkaratusi, mwarobaini, mchaichai, majani ya mpera, na pilipili kichaa ambayo mpaka leo hakuna anayekiri kuitia. Nikichomoa pua, kuna mkono unanirudisha. "Vuta, baba, vuta!" Nimkatalie mama mkwe, halafu nilale wapi?

Na ningemshtaki kwa nani? Mwaka uliotangulia tumetuma ndege mpaka Madagascar kufuata dawa ya chupa. Muhimbili kwenyewe viliwekwa vibanda vya kujifukizia. Waziri wa Afya tulimwona kwenye runinga na juisi ya tangawizi na vitunguu. Limao sokoni ukiuliza bei, utadhani unauziwa kiwanja.

Na korona nikaipata vilevile. Wiki mbili sisikii harufu, hata ya choo cha jirani, ambayo kusema kweli ilikuwa nafuu. Nilipopata nafuu mama mkwe akasema, "Unaona? Bila nyungu tungekuzika." Hoja hiyo huiwezi. Ukipona, ni nyungu. Usipopona, blanketi lilikuwa na tundu.

Julai 28 Rais Samia akachanjwa hadharani. Zimeingia dozi milioni moja na ushee za Johnson & Johnson, chomo moja tu umemaliza. Nikaenda. Niliporudi, nyumba nzima imegeuka maabara. "Humo ndani una uhakika kuna nini?" Shemeji anauliza hivyo! Yeye aliyeshika blanketi! Ile pilipili aliipima kwa mzani gani?

Nikamweleza nilivyoelezwa na nesi: chanjo haiingizi mwizi ndani, inawaonyesha sungusungu kofia anayovaa, ili akitokea kichochoroni wamjue mapema. Anaweza kuruka ukuta, lakini hatapata nafasi ya kubomoa nyumba. Mama mkwe akaguna. Huyu huyu mwenye kovu la chanjo begani, tena wajukuu wote kawapeleka kliniki kwa mguu wake, na kadi zao hazina tundu hata moja. Nikamkumbusha. Akasema hizo ni chanjo "za zamani, zilikuwa na adabu".

Usiku homa ikanipanda na mkono ukawa mzito kama gunia la mkaa. Nesi alishaniambia, siku moja mbili yatapita. Nikalala kimya nikibana meno, maana nikisema "aah" tu, sufuria ile pale mlangoni.

Asubuhi ndio akaja mzee wa nyumba ya pili, aliyepanga foleni Loliondo mwaka 2011 kwa Babu, kunywa kikombe cha dawa cha shilingi 500, na kisukari anacho mpaka leo. Kasikia waliochanjwa wananasa chuma. "Lete sarafu."

Nikatoa mia tano yangu. Akaibandika begani. Ikaganda! Watoto wakapiga kelele, mama mkwe akaanza kusoma dua.

Sasa jamani, Dar hii, umeme umekatika, feni imelala, natoka jasho la homa. Hata kitambulisho cha mpiga kura kingeganda. Nikaichomoa, nikambandika mzee kwenye paji la uso, yeye ambaye hajachanjwa. Ikaganda vizuri kuliko kwangu.

Uwanja wote kimya. Mzee akainuka taratibu, sarafu usoni, akashika njia ya kwake.

"Mzee, mia tano yangu!"

"Si umeona mwenyewe," akajibu bila kugeuka, "imenasa."