Na sisi watu wazima je?
Katika makala yenu mmeieleza vizuri tetekuwanga, ila kwa kuiita "ugonjwa wa watoto" mmetuacha wengine nje. Mimi niliugua nina miaka 36. Mwanangu alitoka nayo chekechea, akajikuna siku chache, mara yuko nje anacheza mpira. Kama siku 15 baadaye ikawa zamu yangu: homa, mgongo, kisha vipele kifuani vikageuka malengelenge yenye maji mpaka kichwani na ndani ya mdomo. Hata uji wa vuguvugu ulichoma. Duka la dawa nikauziwa amoksilini, dawa isiyoua virusi, hela ikaenda hivyo. Nilichoona kinasaidia ni parasetamo, kukata kucha na losheni ya kalamini (ile ya pinki, nilikuwa kama ukuta uliopakwa rangi nusu).

Halafu mngegusia mkanda wa jeshi, ule ugonjwa wa malengelenge yenye maumivu. Kirusi ni kilekile cha tetekuwanga. Hakitoki mwilini, hujificha kwenye neva, na miaka baadaye kinaweza kurudi upande mmoja wa mwili. Shangazi yangu ulipomtoka ubavuni, mtaa mzima ukanong'ona kuwa ana Ukimwi. Ni kweli VVU hushusha kinga na kuufungulia mlango, lakini hata umri pekee unatosha, na shangazi ana miaka 71! Alijifungia ndani wiki tatu. Maumivu aliyavumilia, macho ya majirani ndiyo yaliyomshinda.