Leseni pekee haimlindi mnunuzi wa mbwa

Mwandishi wa makala ninayoijibu hapa anasema wazalishaji wa mbwa wakipewa leseni, wanunuzi watakuwa salama. Leseni ni mwanzo mzuri, ila karatasi ukutani haimzuii mtu kumzalisha jike mfululizo mpaka mwili wake uchakae. Anayetakiwa kuonekana ni mama wa mtoto wa mbwa anayeuzwa. England, tangu Aprili 2020, maduka na madalali hawaruhusiwi kuuza watoto wa mbwa na paka walio chini ya miezi 6. Mzalishaji naye lazima amwoneshe mnunuzi mtoto akiwa na mama yake, pale pale alipozaliwa. Hapo dalali hana pa kujificha.

Jambo ambalo makala haikuligusa ni dhamana ya afya ya mbwa baada ya kuuzwa. Virusi vya parvo, vinavyoshambulia utumbo wa mbwa, vinaweza kukaa mwilini hadi wiki mbili kabla dalili hazijajitokeza. Unamchukua mtoto wa mbwa anarukaruka vizuri, baada ya siku chache anagoma kula, anatapika, anaharisha damu. Ukimpigia muuzaji: "Nilikupa akiwa mzima." Au anakwambia umrudishe akupe mwingine, kana kwamba watoto wako nyumbani hawajampa jina! Sheria imlazimishe muuzaji kulipia matibabu ya ugonjwa ambao mbwa alitoka nao kwake.

Na kadi za chanjo jamani. Nimeona kadi yenye tarehe zote za mwandiko mmoja, kalamu moja, haina hata stika ya kichupa cha chanjo wala mhuri wa daktari wa mifugo. Kadi ya hivyo ihesabiwe kuwa ya kughushi, na aliyeitoa ashtakiwe.