Mkono wa Ultrasaundi Haupatikani kwa Kozi Fupi

Nilipoondoka Tanga miaka kumi na moja iliyopita, nilidhani kwamba kupiga ultrasaundi ni kupaka jeli tumboni, kupitisha kifaa na kutazama kioo, kwa kuwa ndivyo nilivyomwona muuguzi wa zahanati yetu akifanya. Leo ninaifanya kazi hiyo katika hospitali moja ya Ohio, Marekani, na kila ndugu anaponipigia simu kuuliza kama binti yake anaweza kuisomea kwa miezi mitatu kisha anifuate huku, hunibidi nianze kwa kumkatisha tamaa kidogo.

Chuoni kwetu huku hakuna aliyeniruhusu kumgusa mgonjwa kabla sijafaulu anatomia, fiziolojia, hesabu na fizikia, na fizikia ndiyo iliyowarudisha nyumbani wenzangu kadhaa. Tulitakiwa tueleze kwa nini mashine huhesabu kwamba sauti husafiri mita 1,540 kwa sekunde ndani ya nyama laini za mwili, na kwa nini mawimbi ya masafa ya juu huonyesha vizuri tezi ya shingoni lakini hufifia kabla ya kulifikia ini la mtu mnene. Masomo yenyewe yalichukua miaka miwili, na sehemu kubwa ya mwaka wa pili niliitumia wodini bila malipo, mwalimu akiwa nyuma ya bega langu akirudia neno moja tu: rudia. Baada ya hapo ikaja mitihani ya ARDMS, chombo cha Marekani kinachotoa vyeti kwa wapiga ultrasaundi, kilichoanzishwa mwaka 1975, ambapo mtahiniwa hufanya mtihani wa kanuni za mawimbi na mashine, na mwingine wa tawi alilolichagua, kama vile tumbo au uzazi, na ni lazima afaulu yote miwili ndani ya miaka mitano. Majimbo mengi ya Marekani hayadai leseni kwa kazi hii. Wanaodai cheti hicho ni waajiri, nao hawana mzaha.

Zamani niliuona urefu huu wote kuwa ni mbwembwe za nchi tajiri. Nilibadili mawazo nilipoelewa jambo moja kuhusu kipimo chenyewe. Picha ya eksirei iliyopigwa vibaya hujulikana mara nyingi kwa kutazamwa tu, na daktari huirudisha. Lakini ultrasaundi iliyopigwa vibaya yaweza kuonekana safi kabisa, kwa sababu mahali ambapo mkono haukupita hapamo pichani, na bingwa wa radiolojia anayeisoma baadaye hawezi kujua kilichoachwa. Kwa hiyo ninaposikia kwamba nyumbani mtu amekabidhiwa mashine baada ya mafunzo ya siku chache, siogopi ubovu wa mashine, naogopa jibu lake la "kila kitu kiko sawa".

Hata hivyo sidai kwamba Tanzania iige miaka yote hii. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mjamzito apigwe ultrasaundi moja kabla ya wiki ya 24, na pendekezo hilo halitafika vijijini likisubiri wenye shahada peke yao. Mkunga anaweza kufundishwa vizuri mambo machache: umri wa mimba, idadi ya watoto, mapigo ya moyo, kondo la nyuma lilipo. Kinachopunguzwa kiwe ni orodha ya mambo, si saa za kusimamiwa.

Na huku pia kuna upungufu. Siruhusiwi kumwambia mgonjwa nilichokiona. Mimi huandika matokeo ya awali, daktari huyathibitisha, na mgonjwa hupewa habari zake baadaye. Wanawake hunikodolea macho wakijaribu kuusoma uso wangu, nami nimejifunza kuufanya mgumu kama ukuta, jambo ambalo mama yangu angeliita utovu wa adabu. (Bega la kulia nalo huniuma kila jioni, lakini hilo ni la wapiga ultrasaundi wa kila nchi.)

Likizo iliyopita nilimsindikiza wifi yangu kwenye kipimo. Kijana aliyempima alikigeuza kioo kumwelekea, akamwonyesha moyo wa mtoto ukidunda, akamweleza kila kitu kwa upole ambao sijawahi kuuona Ohio. Nilipoona anataka kumaliza bila kushuka hadi kwenye mlango wa kizazi, nilimwambia, "Kaka, samahani, hebu tushuke chini kidogo tulione kondo linaishia wapi." Alishuka, lilikuwa juu, mahali salama. Akacheka kwa haya, akasema kwamba kwenye mafunzo walilipitia jambo hilo asubuhi moja tu, kisha akaniuliza kama nina haraka, maana nje walikuwapo akina mama wengine sita. Nilisimama nyuma ya bega lake mpaka foleni ilipokwisha.