Tufundishwe Kijapani kwa Kiswahili

Kwa miaka miwili nimekuwa nikipanda gari la shemeji yangu kutoka Kondele, Probox iliyotoka Japani ikiwa imeshatumika, na kila anapoliwasha, sauti ya mwanamke husema maneno yale yale. Abiria wamezoea, hakuna anayegeuka. Asubuhi moja niliisikia na nikaielewa: kaado ga soonyuu sarete imasen. Kadi haijaingizwa. Ni kadi ya kulipia barabara kuu za huko Japani, na gari limekuwa likiidai hapa Kisumu muda wote huo bila mtu wa kulijibu. Nilipomwambia shemeji, alizima injini, akaiwasha tena ili asikie upya.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Nilianza Kijapani nikiwa na miaka 41, usiku baada ya kusahihisha madaftari, kwa vitabu vya Kiingereza kwa kuwa ndivyo nilivyopata. Linaloniuma hadi leo ni kwamba vitabu hivyo vilinishika mkono kama mgeni wa kila kitu, kumbe mambo mengi nilikuwa nayo tayari mdomoni.

Kitabu changu cha kwanza kilitumia kurasa tatu, na michoro ya mishale, kueleza kore, sore na are. Mtoto wa hapa ungemweleza kwa pumzi moja: hiki, hicho, kile. Irabu zao ni tano kama zetu. Silabi zao karibu zote huishia kwa irabu, ndiyo maana sisi tunasema basi na wao basu, sisi glasi na wao gurasu. Halafu nikafika kwenye vitenzi. Taberu ni kula. Tabesaseru ni kulisha. Tabesaserareru ni kulishwa, mara nyingi bila kupenda. Niliinuka nikaizunguka meza. Huo ni mnyambuliko, ule ule ninaoufundisha kila muhula!

Hata hesabu yao ina kitu kinachonikumbusha ngeli. Nilikuwa Dunga, ufukweni hapa Kisumu, nikimngoja mama anayeniuzia ngege, nikawa nawahesabu samaki kwenye beseni lake kwa sauti ya chini: ippiki, nihiki, sanbiki, yonhiki, gohiki, roppiki.

"Mwalimu, hiyo ni lugha gani?"

"Kijapani, mama. Hivyo ndivyo wanavyohesabu samaki. Kalamu zina hesabu yake, sahani zina yake, ng'ombe nao wana yao."

Akafikiri kidogo. "Kama sisi basi. Mtu mmoja, kiti kimoja." Kisha akaniuliza omena, dagaa wetu wa ziwani, wanahesabiwaje, nami nikamwambia omena hata sisi hatuwahesabu, tunawapima kwa mkebe wa gorogoro.

Simwambii mtu kwamba Kijapani ni rahisi. Obasan ni shangazi na obaasan ni nyanya, tofauti ni kuvuta irabu tu, na sikio langu lilichukua miezi kuitambua. Na kanji, herufi zao zenye asili ya Uchina, ni mlima. Orodha rasmi ya kanji za matumizi ya kila siku ina herufi 2,136. Herufi moja tu, 生, husomwa sei, shoo au nama, na ndiyo hiyo hiyo inayoandika kuishi na kuzaliwa. Hapo Kiswahili hakinifai kitu. Ni kalamu na daftari, herufi kumi kwa usiku, na asubuhi nne zimetoroka. Watoto wa Kijapani wenyewe hufundishwa kanji 1,026 katika miaka sita ya shule ya msingi.

Kwa hiyo nilikasirika, na bado nina hasira, kijana niliyemfundisha zamani aliponijia na risiti ya ofisi moja iliyomwahidi lugha kwa miezi mitatu na kazi Japani baada yake. Mama yake alikuwa ameuza ng'ombe. Ofisi ilishafungwa. Njia ya halali ipo: tangu 2019 Japani ina viza ya wafanyakazi wenye ujuzi maalumu, na kwa kawaida mwombaji hutakiwa kufaulu mtihani wa lugha, kwa mfano JLPT ngazi ya N4. Mimi nilisafiri usiku kwenda Nairobi kufanya N5, ngazi ya chini kabisa, baada ya kusoma mwaka mzima. Anayekuuzia miezi mitatu anakuuzia ng'ombe wa mama yako.

Sasa kijana huyo huja kwangu kila Jumamosi. Tunatengeneza daftari letu, upande mmoja Kijapani, upande wa pili Kiswahili, bila Kiingereza katikati. Juma lililopita tulifika kwenye wa, kijineno ambacho vitabu vyangu vyote hukihangaikia kurasa nyingi. Nikamwandikia mistari miwili. Sakana o tabeta: nimekula samaki. Sakana wa tabeta: samaki nimemla.

Aliutazama mstari wa pili kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo ugali umeubakisha, mwalimu?"

Nimekiandika hicho chini ya mstari, kwa maneno yake mwenyewe.