Hofu ya wachezaji ina sababu

Ndugu mhariri, makala yenu inasema kwamba wachezaji wa gemu waliolalamika Facebook ilipotangaza, Machi 2014, kuinunua Oculus, kampuni ya miwani ya uhalisia pepe (inayofunika macho na kukuonyesha ulimwengu wa kompyuta), kwa takriban dola bilioni 2 walikuwa wanaogopa mabadiliko tu. Siafiki. Mradi ule ulichangiwa na watu wa kawaida mwaka 2012 kupitia Kickstarter, tovuti ya kuchangisha fedha za miradi, zaidi ya dola milioni 2.4, nao walichangia miwani ya kuchezea gemu, si mali ya kampuni inayoishi kwa matangazo. Mwanzilishi, Palmer Luckey, aliwaahidi kwamba hawatalazimika kuwa na akaunti ya Facebook. Ilipofika Oktoba 2020, miwani mpya ya Oculus, Quest 2, ikatoka ikiidai akaunti hiyo hiyo, na sharti hilo halikuondolewa hadi mwaka 2022. Hapa Ngamiani, Tanga, vijana wanaolipia pleisteshini kwa saa huniuliza kwa nini jambo hili linanigusa. Huwajibu kwamba miwani hiyo hufuatilia kila mwendo wa kichwa na mikono, na kamera zake hukitazama chumba ulichomo, pamoja na wanao wanaopita, nami siwezi kuivaa sebuleni kwangu kwa kutegemea ahadi iliyokwisha kuvunjwa mara moja.