Kamba iliyopungua nusu mita

Mapema Novemba, saa kumi na mbili jioni, Michigan, Marekani. Giza limeshaingia, nami, mwindaji wa kulungu kwa upinde, nimening'inia kwenye mwaloni kama nguo iliyosahaulika kwenye kamba ya kuanikia. Ardhi iko nusu mita chini ya viatu vyangu, ila gizani nusu mita na mita tatu hazina tofauti.

Hesabu ndiyo iliyoniponza. Siku nzima nilisimama mita sita juu, kwa hiyo kamba ya mita nane nikaiona inatosha na kubaki. Nikasahau kuwa kamba haifungwi miguuni. Hufungwa juu ya kichwa, karibu mita nane, halafu shina nene la mwaloni linakula mita moja na nusu kwa kuzungushwa tu. Kilichoniokoa ni fundo nililopiga mwishoni mwa kamba: kifaa cha kushukia kiligota hapo, kikakataa kwenda. Nikauzungusha mkanda wa kiunoni kwenye shina, nikauegemea, nikajifungua kwenye kamba na kumalizia kwa kukumbatia mti.

Baba mdogo yuko Pangani, na wakwezi wa minazi anawajua. Nilipomsimulia kwa simu alicheka. "Mwanangu, mti wa mita sita na mishipi yote hiyo?"

Baba, mkwezi hupanda mchana, huangua madafu, akashuka damu bado ina moto. Mwindaji wa kulungu kwa upinde hukaa saa nne bila kutikisika, baridi ikikaribia sifuri, kwenye kitambaa kinachomshika makalio. Wenyewe hukiita tandiko, ingawa hakuna farasi. Magoti yakishaganda, vile vidato vya chuma ulivyovipanda alasiri havikanyagiki tena.

Ndiyo maana wanaosema kushuka kwa kamba ni mbwembwe nawapinga, hata baada ya aibu ile. Wengi hupanda mikono mitupu, wakifika juu ndipo wanajifunga. Mimi sasa nataka kamba tangu mguu wa kwanza unapoiacha ardhi. Mwezi wa nane, mchana, narusha kamba nyembamba yenye kifuko cha uzito juu ya panda, naivutia kamba nene, naijaribu kwa uzito wangu wote. Kupanda ni kukaa na kusimama tu: unakaa, unasukuma juu fundo la Prusik, lile linaloteleza ukilisukuma na kubana likibeba uzito, unasimama kwenye kitanzi cha mguu, unakaa tena. Unatweta, sikatai. Wakati wa kushuka, fundo kama hilo nalifunga chini ya kifaa, mkono ukiteleza linabana.

Mti nao uchaguliwe. Huku miti ya ash imekufa kwa wingi kwa sababu ya mbawakawa wa kijani aliyegunduliwa karibu na Detroit mwaka 2002. Imenyooka vizuri, inatamanisha, na tawi lake hukatika bila hata kulia.

Kamba yangu sasa ni mita kumi na mbili. Inanijazia begi, na fundo la mwishoni silifungui hata nikiwa nyumbani.